Diski Pacha za Ushirika wa Wafumaji

Kwa maneno ya Rosanda, jirani muuza bureki, mkate wa matabaka wa kuokwa, ambaye ukuta wake na ukuta wa ushirika ni ukuta mmoja, mambo yalikuwa hivi. Mashine ya wafumaji ilikufa Jumatatu asubuhi ikiwa imesimama, kama farasi. Siku ya pili akaja mzee kutoka mji wa Niš, mrefu kama nguzo ya simu, shali shingoni ilhali jua la Juni linachoma mawe. Akainusa mashine kama mtu anusavyo tikiti sokoni. Akaipasua ubavu, akatoa mioyo yake miwili, mmoja umeungua na mwingine umerukwa na akili. Ule ulioungua akaulaza kwenye kizingiti cha ghala mpaka ukapoa, akaurudishia pumzi, na mashine ikatamka jina la bibi Cvetana. Desanka akazimia. Akapepewa kwa sinia ya bureki, na sinia ni ile pale, aangalie anayetaka.

Desanka hakuzimia, na mashine haikutamka jina la mtu. Lakini mfumaji Jagoda, aliyekuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, hakumsahihisha Rosanda hata mara moja. Sehemu kubwa ya habari ile ilikuwa kweli, na ile sehemu ya uongo ilimpa mzee yule heshima aliyostahili.

Mtu ajue kwanza kilichokuwa ndani ya mashine ile, kompyuta ya ushirika. Bibi Cvetana alikuwa na miaka themanini na tisa, na kichwani mwake mlikuwa na nakshi za mazulia ambazo hakuna mfumaji mwingine wa mji wa Pirot aliyezijua. Hakuwahi kuzichora. Karatasi huliwa na panya, alisema, na isipoliwa na panya huibiwa na mkamwana. Basi kuanzia siku chache baada ya sikukuu ya Mtakatifu Trifun, katikati ya Februari, alikuwa akiletwa ushirikani kila asubuhi, anaketi kwenye kiti cha mto karibu na Jagoda, anafumba macho na kuanza: "Mbili nyeusi. Moja nyekundu. Tano nyeupe. Usikimbie, hatuendi kituo cha treni." Jagoda, mwenye miaka ishirini na miwili na shule ya msingi tu ya kijijini, aliweka vimraba vya rangi kwenye skrini kimoja kimoja, mstari baada ya mstari, mpaka zikatimia nakshi arobaini na moja. Wiki moja baada ya sikukuu ya Mtakatifu Georgi, mwanzoni mwa Mei, bibi akapigwa na kiharusi. Tangu hapo hakutamka lolote ila majina ya mbuzi wake waliokufa zamani.

Jumatatu ile, Desanka, mwenyekiti wa ushirika, aliikuta mashine imeganda. Akaizima, akaiwasha, akaandika neno la siri ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na orodha ya nakshi ikafunguka. Ilikomea tarehe kumi na tatu Februari. Kati ya zile arobaini na moja haikuwepo hata moja.

"Ijumaa ulibonyeza nini?" akamuuliza Jagoda.

"Nilifunga kama kawaida, shangazi."

"Kawaida yako au kawaida ya watu?"

Jagoda alikuwa akitazama maandishi katikati ya skrini: diski pacha hazilingani, nizilinganishe? Chini yake Ndiyo na Hapana. Desanka akampigia simu mtu aliyeifunga mashine ile miaka mitatu nyuma, ambaye siku hizi anaishi Austria. Alikuwa mahali penye kelele. Bonyeza Ndiyo, akasema, ndiyo maana nilikuwekea diski mbili, zitajirekebisha zenyewe.

Desanka akanyoosha kidole. Na Jagoda akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe: akaweka kiganja chake juu ya kibodi.

"Ondoa mkono."

"Shangazi, inataka kuzilinganisha. Ipi itaifuata ipi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Basi na huyo wa Austria hajui. Hakuuliza."

Desanka alimtazama kwa muda ambao mtu angetunga nyuzi tatu kwenye sindano. Kisha akarudisha kidole. "Haya. Tutamwita yule fundi mwenye mvi wa Niš. Lakini ikionekana ni wewe uliyefuta, Jagoda, utakwenda kwa Cvetana umwambie kwa mdomo wako."

Usiku ule Jagoda alilala akizihesabu. Aliweza kukumbuka nane, labda tisa, na hata hizo kwa vipande. Zilizobaki zilikuwa zimepita mikononi mwake kama maji, kwa kuwa alijua kuna mahali zinawekwa.

Mwenye mvi aliitwa Vukman. Alikuwa ametumikia mtambo wa simu wa Niš miaka thelathini na minne, na tangu astaafu watu humwita pale ambapo wengine wameshashindwa na kuvuruga. Kwenye simu alisema maneno matatu tu: "Isizimwe, isiwashwe, isiguswe." Kisha akaongeza, "Tafadhali."

Alishuka kwenye basi Jumanne asubuhi na mkoba mmoja. Desanka akamkaribisha kwa kijiko cha jamu ya plamu na maji baridi, kisha kahawa. Rakija, pombe kali ya matunda, akaikataa. "Baadaye. Mkono ukinywa, jicho hulewa." Halafu akafungua daftari na kuanza kuuliza. Mashine ilinunuliwa lini, imehamishwa mara ngapi, nani hukaa karibu nayo, jiko la kuni liko wapi wakati wa baridi. Ikapita nusu saa.

"Fundi," Desanka akasema, "mashine iko kule. Huyu hapa ni mimi."

"Naanza na wewe, dada, kwa sababu wewe unajibu." Akafungua ukurasa mwingine. "Imewahi kulia?"

"Hapana."

"Haikulia?" Rosanda alikuwa mlangoni na bureki ya jibini ambayo hakuna aliyeiagiza. "Ililia siku tatu mfululizo. Ti, ti, ti, ndani ya ukuta wangu. Ilikuwa Mtakatifu Trifun, maana mume wangu alikuwa ametoka kupogoa mizabibu, wamemwagia kila shina divai na kila mtu pia. Aliposikia ti-ti-ti akadhani ni saa ya kuamka. Akaamka mara nne, akavaa viatu mara nne."

"Aa, ile," Desanka akasema. "Yule wa Austria aliniambia kuna kitufe pembeni. Nikabonyeza, ikapona."

Vukman aliandika. "Haikupona, dada. Ilinyamaza." Akafunga daftari. Jagoda aliona kwamba angeweza kuongeza lawama, na wengi wangeongeza.

Akaizima mashine kwa utaratibu, akafungua ubavu wake, na kwa muda mrefu hakugusa kitu. Alimulika tochi, akatazama kila waya unakotoka na unakoishia, akachora mstari daftarini, akatazama tena. Jagoda alikuwa amewahi kuona mafundi wa aina nyingi. Fundi wa jiko hupiga, fundi wa maji hutukana. Huyu alikaa mbele ya mashine kama bibi Cvetana alivyokaa mbele ya kitanda cha kufumia kabla ya kufunga uzi wa kwanza.

"Binti, nipe nyuzi mbili. Rangi zozote, mradi zisifanane."

Akampa nyekundu na nyeusi. Vukman akafunga nyekundu kwenye diski ya juu na nyeusi kwenye ya chini, ndipo akazichomoa. "Ukishachomoa bila alama hujui tena ipi ni ipi. Na asiyejua huanza kubahatisha."

Akaiunga nyeusi kwenye laptopu yake. Alieleza anachofanya bila kuulizwa, kwa sauti ndogo, kama mtu azungumzaye na kazi yake. "Hii nimeifunga mikono. Itasoma tu, haitaandika hata nukta." Orodha ikatokea. Tarehe kumi na tatu Februari, na baada ya hapo hakuna kitu.

"Sasa sikiliza," akasema, na Jagoda akashangaa kuona kwamba anaambiwa yeye. "Hawa wawili walikuwa wakiandika jambo moja kwa wakati mmoja. Februari huyu mweusi akaanguka. Kile kilio alichokisikia jirani ndicho hicho. Mwekundu akaendelea peke yake miezi minne, na kwa nje hamkuona tofauti. Jumatatu mwekundu akashindwa kuamka. Mashine ikamwamsha mweusi, naye akasimulia anachokijua: majira ya baridi." Akafuta miwani kwa ncha ya shali. "Hakuna mtu aliyefuta kitu."

Alisema hivyo akiitazama miwani. Desanka akaokota uzi kwenye sketi yake, kisha akaokota mwingine ambao haukuwepo.

"Na tungebonyeza Ndiyo?" Jagoda akauliza.

"Mashine humfuata aliye macho. Mweusi angemwandikia mwekundu majira ya baridi juu ya kila kitu. Nakshi zenu zingefutika kwa adabu kabisa, safu kwa safu, na mwisho ingewaambia kazi imekamilika." Akageuka. "Nani aliyezuia?"

"Huyu," Desanka akasema.

Vukman aliinamisha kichwa kidogo kwa Jagoda, kama wafanyavyo wanaume wa zamani kanisani, kisha akarudi kazini.

Mwekundu sasa. Akamrudisha mashinani: kimya. Wengi wangesema amekufa. Vukman alibadilisha waya: mweusi akapewa waya wa mwekundu, mwekundu akapewa wa mweusi. "Ugonjwa ukibaki na waya, waya ndio mgonjwa. Ukimfuata yeye, ni yeye." Mweusi akaamka kwenye waya wowote. Mwekundu hakuamka kwenye wowote. Jagoda alihisi zile nakshi nane alizozikumbuka zikipungua kuwa saba.

Mzee akamgusa mwekundu kwa mgongo wa mkono, kama mtu agusavyo paji la mtoto. Akaacha mkono pale. Kisha akapiga magoti, taratibu, goti moja likalia, akapitisha mkono nyuma ya mashine pale feni inapotolea hewa. Akavuta. Kikatoka kipande cha zulia kilichokatwa kwa kipimo cha tundu lenyewe, kimepindwa pindo pande zote nne kwa uzi wa rangi inayolingana.

Alikigeuza mbele na nyuma. "Kimeshonwa vizuri," akasema.

"Lile tundu linatoa upepo," Desanka akasema. "Siku nzima unanipiga kiunoni. Vuli iliyopita nililala wiki mbili siwezi kugeuka."

"Upepo wa kupenya ndio uliomuua shemeji yangu," Rosanda akasema. "Mlango huku, dirisha kule, yeye katikati na jasho lake."

Hakuna aliyecheka. Jagoda mwenyewe asingekaa katikati ya mlango na dirisha vilivyo wazi hata kwa zawadi. Vukman akaiweka sawa shali yake, Juni ile.

"Mama yangu aliziba hata tundu la ufunguo," akasema. "Nakuelewa, dada. Shida ni kwamba wewe una kiuno na huyu hana. Wewe ukipata upepo unaugua. Yeye asipoupata, anaugua. Hamwezi kukaa pamoja, mmoja ahame."

Desanka alifikiri. "Meza yangu itahamia dirishani. Dirisha likiwa limefungwa."

"Likiwa limefungwa," Vukman akakubali.

Ndivyo ilivyojulikana. Wakati wa baridi, jiko la kuni hatua mbili pembeni na pumzi imezibwa, mweusi alichemka kwanza akaanguka. Mwekundu alivumilia mpaka joto la Juni. Rosanda akasema amtie kwenye friza yake, pana nafasi karibu na unga. Vukman akamshukuru, akakataa: akitolewa atatoka jasho, na jasho likiingia ndani ndio mwisho wake. Akamlaza kwenye kizingiti cha jiwe cha ghala, kwenye kivuli kikavu, juu ya kitambaa safi. Kwa muda wa saa mbili, akasema, na asiguswe.

Wakasubiri. Jagoda akarudi kwenye kitanda chake cha kufumia, kwa sababu mikono ikikaa bure hutafuta la kuharibu. Zulia lile lilikuwa la watu wawili, yeye kushoto na Slavka kulia, kila mmoja na nusu yake, nakshi zikitazamana. Slavka alikuwa na homa tangu wiki iliyopita na upande wake ulikuwa umebaki nyuma vidole vitatu. Vukman akaja akasimama nyuma, mikono mgongoni.

"Mwenzako akikosa kuja inakuwaje?"

"Naendelea kidogo, fundi. Siwezi kwenda mbali, zulia litapinda."

"Na akirudi?"

"Anahesabu safu zangu, anafuma kwa kunifuata mpaka tulingane. Mimi sifumui zangu ili nimsubiri."

Mzee akatoa pumzi puani, na hicho kwake kilikuwa kicheko. "Nilimfundisha jambo hilo mtu mwenye digrii, mwaka mzima. Mwishoni akamfumua aliyebaki mzima." Akaendelea kutazama vidole vya Jagoda. "Na unajuaje mahali mlipo, bila kuandika?"

"Nahesabu."

"Wakati unaongea na mimi?"

"Ndiyo. Sasa ni nne nyeupe."

Vukman alikaa kwenye kiti cha mto cha bibi Cvetana, akatazama kazi mpaka saa mbili zikaisha, na Jagoda alihisi kwa mara ya kwanza kwamba mtu ambaye yeye anamstaajabia, naye anamstaajabia yeye.

Mwekundu alikuwa baridi kama kijiko. Kabla ya kumuunga, Vukman alitoa mkobani diski mpya, akaiweka tayari. "Huenda akaamka mara moja tu. Akiamka hatumuulizi habari, hatufungui kitu, hatutazami picha. Tunanakili kwanza. Kufurahi baadaye." Akaelekeza feni ndogo ya mezani kwenye diski, Desanka akahamia upande wa pili wa chumba bila kuambiwa.

Akaamka. Hakukuwa na sauti kubwa, mnong'ono tu wa kitu kinachozunguka. Vukman alianza kunakili, na mstari kwenye skrini ukaanza kutambaa. Dakika arobaini. Kila mwekundu alipokwama, mzee alimwacha apumzike, kisha akamwita tena kutoka pale alipokomea, bila kumharakisha, na kila alipomwita aliitika. Jagoda alikuwa ameona watu wakiwahimiza wagonjwa kula namna hiyo. Mstari ulipofika mwisho, Vukman alimchomoa mwekundu, akamfunga kwenye kitambaa. "Huyu amestaafu kama mimi. Amefanya kazi ya wawili." Ndipo akafungua ile nakala mpya.

Arobaini na moja.

"Majina nayaona," Vukman akasema. "Lakini jina si zulia. Nitajuaje kama ndani ni zenyewe?"

"Fungua ya mwisho, fundi. Goti la Shetani."

Akafungua. Jagoda akasogea, akashuka kwa kidole mpaka safu ya mia na kumi na mbili, kulia, karibu na pembe. Kimraba kimoja cheupe palipotakiwa kuwa cheusi. Alikiona Ijumaa jioni wakati Desanka akifunga madirisha, akajiambia atakirekebisha Jumatatu.

"Kosa langu lipo," akasema. "Lipo palepale."

Desanka akaja akainama kwenye skrini. Alikitazama kimraba kile kwa muda, kisha akaweka mkono begani kwa Jagoda, akauondoa upesi kama aliyegusa jiko.

Vukman akazipachika mashinani diski mpya na ile nyeusi, na swali la Jumatatu likatokea tena katikati ya skrini, sasa likiuliza pia nani aongoze. Akajisogeza kando na kiti chake.

"Mweusi amfuate mpya," Jagoda akasema.

"Basi mwambie."

Akachagua. Akasoma mara mbili, kwa midomo, kama alivyokuwa akisoma shuleni. Akabonyeza Ndiyo.

Ndipo mzee akaomba rakija. Alikunywa moja, kwa mafunda matatu, na bureki ya Rosanda ikaliwa yote. Kabla ya basi lake alitoa diski ndogo ya kubeba, nayo ikiwa na nakshi zote, akaiweka mezani katikati ya vikombe.

"Pacha wanakulinda na kifo," akamwambia Desanka. "Hawakulindi na kosa. Ukifuta kitu kwa huyu, na yule anafuta papo hapo, kwa utii. Kwa hiyo awepo wa tatu, anayekaa nyumba nyingine, na kila Ijumaa mtu amletee yaliyo mapya. Mtu anayetazama anachofanya." Akavaa mkoba. "Mpe huyu binti neno la siri, dada."

"Tangu ushirika uanze, neno hilo ninalo mimi," Desanka akasema.

"Najua."

Akaondoka, Rosanda akimsindikiza mpaka kituoni, akimweleza habari za shemeji yake.

Wakabaki wawili. Mashine ilikuwa ikifanya kazi yake taratibu, pumzi ikitoka vizuri nyuma yake, na mweusi alikuwa amefika mwezi Machi. Desanka alikusanya vikombe, akavipeleka kwenye karo, akafungua maji. Jagoda akaichukua ile diski ndogo. Ilikuwa nyepesi kuliko kibonge cha uzi. Alifikiria safu ya mia na kumi na mbili, na kwamba hata kile kimraba kimoja asingeweza kukigusa kesho mpaka mtu mwingine amfungulie. Akaenda akasimama karibu na karo.

"Shangazi Desanka," akasema, "nipe neno la siri. Kila Ijumaa nitanakili mimi."

Desanka alikuwa amempa mgongo. Aliosha kikombe, akakigeuza, akakiosha tena, na maji yakaendelea kumwagika juu ya vikombe vilivyokwisha takata.